Kalenda Niliyoiambia Inisikilize Mimi Tu

Alhamisi. Upepo umeanza asubuhi mapema, ule wa msimu huu, wa kung'oa nguo za watu kwenye kamba na kuzipeleka kwa jirani. Nimefunga dirisha na bado kuna mchanga kwenye kibodi. Lakini sina ugomvi na upepo. Hasira yangu leo ni kwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye anaandika hapa.

Leo mama yangu alikuwa apasuliwe jicho. Hakupasuliwa.

Wacha nieleze polepole, maana nikiruka-ruka nitaanza kujitetea, na mimi kwa kujitetea najijua.

Mama tunamwita Aayo, kwa Kiborana. Anaishi Merti na Guyo, mdogo wangu, ambaye anafuga na kuuza mbuzi. Mimi ni kifungua mimba, niko hapa mjini, mtaa wa Wabera, chumba kimoja na laptopu, natengenezea watu tovuti. Jicho la kulia la Aayo limezibwa na mtoto wa jicho, na la kushoto limeanza kufuata. Siku hizi anatambua watu kwa sauti. Akimimina chai ikamwagika nje, analaumu kikombe.

Kwa hivyo nikamtafutia kliniki hapa mjini, nikapata nafasi, nikaandika kwenye kalenda. Shida yote iko hapo kwenye kalenda.

Wasomaji wa blogu hii mnajua ugonjwa wangu. Mimi kila kitu nafanya ndani ya Emacs, ile programu huria ya kuandikia maandishi matupu. Barua pepe humo, kazi humo, bei za mbuzi ambazo Guyo ananitumia humo. Kalenda pia iko humo. Kila miadi ni kijifaili kidogo cha maandishi ambacho unaweza kukifungua na kukisoma kwa macho yako, si kitu kilichofungiwa kwenye sanduku la kampuni. Nikibonyeza vitufe viwili, mwezi mzima unajipanga mbele yangu, wiki chini ya wiki, na siku zenye shughuli zina rangi. Naupenda ukurasa ule. Kuna watu wanatulia wakiona ng'ombe wamerudi zizini. Mimi natulia nikiona mwezi wangu umepangika.

Halafu kuna programu nyingine ndogo, vdirsyncer, huria pia, ambayo kazi yake ni kuoanisha. Inachukua vijifaili vya laptopu yangu, inavilinganisha na vile vya seva, na seva inazungumza na simu ya Guyo. Nikiandika kitu Wabera, kinatokea Merti. Guyo akiandika Merti, kinatokea kwangu. Nilimwekea kwenye simu mwaka huu alipokuja kuuza mbuzi, akacheka sana. Akasema, "Dada, sasa hata mbuzi watahitaji miadi."

Nikamwambia atacheka tu mpaka siku itamfaa.

Kwa nini nilimwekea? Kwa sababu alikuwa ananipigia simu kila saa. Kliniki ni lini tena? Umesema asubuhi ama mchana? Mimi niko na mteja, namwonyesha tovuti yake, simu inalia, ni Guyo. Siku moja nikamchomokea. Nikamwambia, "Guyo, mambo ya tarehe usinipigie. Andika kwenye kalenda, mimi nitaona."

Akasema sawa. Guyo ni mtu wa kusema sawa.

Sasa kuna jambo moja la kiufundi na nitalisema kwa lugha rahisi. Mkiandika watu wawili kwenye kijifaili kimoja, wewe kwako na yeye kwake, kabla ya kuoanisha, programu inakuta maneno mawili tofauti. Haijui lipi ni lipi. Ukiiacha ilivyo, inasimama na kulalamika, kisha inakungoja uamue. Hiyo ni tabia nzuri. Lakini mimi malalamiko yake yalinichosha. Kila asubuhi nikifungua laptopu nakuta kitu kimekwama, na mara nyingi ni upuuzi tu, Guyo amegusa miadi kwa kidole akitafuta kitu kingine. Nikaingia kwenye faili la mipangilio nikaongeza mstari mmoja. Mstari unasema hivi: mkigongana, upande wa laptopu ndio unashinda.

Upande wa laptopu ni mimi.

Sikufikiria hata dakika moja. Nilijiona nimetatua shida. Tangu siku ile kalenda ikawa kimya, na mimi nikafikiri kimya ni amani.

Haya. Aayo amefika jana jioni, na pikapu ya Merti. Nimempokea pale mtaa wa Bulla Pesa, dereva amemketisha mbele kwa heshima, amejifunika leso mpaka kwenye nyusi kwa ajili ya vumbi. Peke yake. Nilitegemea angalau Guyo amsindikize, lakini nikajiambia mbuzi wana wenyewe. Nikamsalimu, akanijibu "nagaa," amani, na hakuongeza kitu. Nikamuuliza safari. Nagaa. Nikamuuliza habari ya Guyo. Nagaa. Nikasema amechoka.

Kwangu akafungua mzigo. Samli kwenye kopo, nyirinyiri, ile nyama ya kukaangwa na kuhifadhiwa kwa mafuta, na leso moja ambayo ncha yake ilikuwa imefungwa fundo. Nikalishika lile fundo, nikasikia punje ngumu. Kahawa. Mbichi, na maganda yake.

Nikacheka. Nikasema, "Aayo, kahawa imejaa kila duka hapa. Umebeba ya nini?"

Sikungoja jibu. Nikachukua leso nikaiweka juu ya rafu, nikamtandikia, nikarudi kwenye laptopu kumalizia kazi ya mtu. Nilipogeuka alikuwa bado amekaa kitandani, uso ameelekeza kwenye rafu. Na yeye haoni vizuri, kwa hivyo nikasema anaangalia tu.

Aki mtu anaweza kuwa mjinga katika nyumba yake mwenyewe.

Leo asubuhi tumeenda kliniki. Tumekaa kwenye benchi, tumeitwa, nesi akamfunga ule mkanda wa kupima presha. Akapima, akatingisha kichwa, akasema tupumzike kidogo. Akapima tena. Juu. Tukapewa maji, tukakaa tena, akapima mkono ule mwingine. Juu zaidi. Nesi ni msichana wa kwetu, anaongea Kiborana, akachuchumaa mbele ya Aayo akamshika magoti, akamuuliza, "Mama, unaogopa kisu?"

Aayo akasema haogopi kisu.

"Basi kitu gani kinakusumbua?"

Na Aayo akamwambia, kwa sauti yake ya kawaida, vile mtu anamwambia mwenzake bei ya sukari: "Niliomba huyu msichana wangu aje nyumbani tule buna kwanza, ndio nikatwe jicho. Akakataa. Sasa nimekuja."

Mimi nilikuwa nimekaa hapo kando, nimeshika mkoba wake.

Kama wewe si wa huku, buna ni ile kahawa yenyewe, nzima na maganda yake. Inakaangwa kwa samli, watu wa nyumba wanaketi pamoja, mkubwa anaomba dua, baraka zinatoka, wanakula. Mtu akiwa mbele ya jambo zito, buna inakaangwa. Na mgonjwa kwetu huendewa, haitwi kama mtoto wa shule. Hayo mambo nayajua tangu nikiwa mgongoni.

Nikasema, "Aayo, mimi? Nimekataa lini?"

Akasema, "Guyo alikuandikia."

Nesi akaniangalia. Sikupenda vile aliniangalia, na alikuwa na haki yake.

Daktari akasema kwa presha hiyo hawezi kumgusa. Akaandika dawa, akasema arudi Alhamisi ijayo, awe ametulia. Kutulia. Nikatoka nje, upepo ukanipiga mchanga wa mdomo, nikampigia Guyo.

Nilianza na ukali, ndiyo zangu. Nilimuuliza ni uongo gani alimwambia mama. Akaongea, na Guyo akiongea taratibu hivyo ujue amekuwa na hilo jambo moyoni muda mrefu.

"Dada, si ulisema mambo ya tarehe nisikupigie? Niliandika kwenye kalenda, mahali pa maelezo. Nikaandika Aayo anaomba uje kwanza tule buna, na kliniki isogezwe wiki moja. Nikasogeza mwenyewe. Siku ya pili naangalia, imerudi pale pale ulikuwa umeiweka, maneno yangu hakuna, imeandikwa tu abebe kadi ya hospitali. Nikasema labda nimekosea kubonyeza. Nikaandika mara ya pili. Ikarudi tena, safari hii imeandikwa asisahau viatu vya kufunga."

Nikamuuliza, "Halafu?"

"Nikaona basi, dada amesoma na amesema hapana. Aayo akaniuliza umejibu nini. Ningemwambia nini? Nikamwambia amekataa, ako na kazi."

Kadi ya hospitali. Viatu vya kufunga. Hayo ni maneno yangu, nakumbuka nikiyaongeza. Nilikuwa naichezea ile miadi kila siku, leo naongeza ukumbusho, kesho nabadilisha rangi, kama mtu anayepiga pasi nguo ambayo imeshanyooka. Kila nilipogusa, mkono wangu ukafuta wake.

Na nakumbuka pia nilimpigia simu wiki iliyopita, mara moja, haraka. Nikamuuliza, "Kalenda umeona?" Akasema, "Nimeona." Nikamuuliza, "Ni sawa?" Akasema, "Ni sawa kama wewe umesema ni sawa." Mimi nikaelewa amekubali. Hata nikafurahi, nikasema huyu kijana ameanza kuzoea teknolojia.

Guyo hakuja na Aayo kwa sababu amenikasirikia. Ameniambia hivyo mwenyewe, bila kupandisha sauti. Alisema, "Nilisema nikija nitakuongelesha vibaya mbele ya mama."

Nimemwomba msamaha hapo hapo barabarani, bodaboda zinapita. Nimemweleza mambo ya mstari ule. Akanisikiza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja tu: "Kwa hivyo kila kitu nimeandika mwaka huu, kama na wewe umeandika, changu kilitupwa?"

Ndiyo, Guyo.

"Hata siku nilisogeza chanjo ya mbuzi?"

Ndiyo. Nakumbuka chanjo ile. Nilimgombeza kwa kuchelewa.

Tumerudi nyumbani. Nimefungua laptopu nione kama naweza kuyapata maneno yake. Hayapo. Kwangu hayakuwahi kufika, kwenye seva yamefunikwa, kwenye simu yake pia yamefunikwa. Kilichobaki ni kumbukumbu za programu, na huko imeandikwa wazi kabisa kwamba siku fulani pande mbili ziligongana, na upande wa laptopu ulichukuliwa. Programu haikunificha kitu, iliandika kila mara. Mimi niliacha kuzisoma siku nilipopata ule mstari wa kunyamazisha. Kwa hivyo msije hapa chini kwenye maoni kuilaumu vdirsyncer. Ilifanya nilichoiambia.

Hilo ndilo linaniuma. Wanasema mkubwa ni jaa, kila taka inatupwa kwake naye anavumilia. Mimi nimekuwa mkubwa wa aina nyingine. Baba alipofariki nilianza kuamua mambo ya nyumba kwa sababu lazima mtu aamue, na sikuacha. Nani aoe lini, mbuzi wauzwe lini, Aayo apasuliwe lini. Watu wakanyamaza nikafikiri wamekubali. Ule mstari kwenye mipangilio nimeuandika mwaka huu tu, lakini mimi naishi hivyo miaka mingi.

Nikaenda nikaketi chini, mbele ya Aayo. Kumweleza mtu wa umri wake mambo ya seva ni kazi, lakini nilijaribu. Nikamwambia: Guyo aliandika kweli, Aayo. Mimi sikuona. Hii mashine, tukiandika watu wawili, inabakisha maneno ya mmoja na kutupa ya mwingine.

Akauliza, "Inabakisha ya nani?"

"Yangu."

"Nani aliiambia?"

"Mimi."

Akarekebisha leso. Halafu, wallahi, akacheka, kile kicheko chake cha puani. Akasema, "Basi hiyo ni mtoto wako kabisa. Imefanana na wewe."

Nikacheka na mimi, halafu nikalia, na sikujaribu kuficha maana sauti ya kulia anaijua hata bila macho. Akanitafuta kichwa kwa mkono, akakipata, akaacha mkono hapo. Hakusema amenisamehe. Alisema tu, "Nilifikiri umeshakuwa mtu wa mjini." Hiyo imeniuma kuliko nesi.

Nikamuuliza sasa anataka nini. Swali dogo hivyo, na sikumbuki mara ya mwisho nimemuuliza. Akasema anataka kurudi Merti, buna ikaangwe kwenye moto wake, mimi niwe hapo, Guyo awe hapo. Baada ya hapo atapanda gari turudi wote. "Bila hivyo," akasema, "jicho litakaa vile liko. Nimeshazoea."

Na hatanii. Nikimwacha arudi peke yake, hatarudi tena hapa, na jicho lile litaziba kabisa.

Nimechukua leso pale juu ya rafu. Fundo liko vile vile. Nilimrudishia mkononi, na hapo ndipo niliuliza kitu nilichopaswa kuuliza jana bila kucheka: kwa nini aliibeba buna mpaka huku, kama alijua nimekataa?

Akasema, "Nilisema labda ukiiona utakumbuka."



Sasa ni alasiri. Aayo amelala, dawa ya presha imemlegeza. Nimefanya mambo matatu, yote madogo. Nimefuta ule mstari. Kuanzia leo tukigongana, programu itasimama na kuniuliza, na mimi nitasoma yote mawili hata kama ni Guyo amegusa kwa kidole. Kuuliza si ujinga, na inaonekana hata programu ilijua hivyo kabla yangu. La pili, nimemwambia Guyo anipigie simu wakati wowote, hata nikiwa na mteja, hata akitaka kuniuliza bei ya nyanya. Amesema sawa. Nikamwambia, "Guyo, usiseme sawa. Sema unachofikiri." Akasema atajaribu, lakini nisimharakishe.

La tatu, nimeandika safari kwenye kalenda. Kwenda Merti Jumamosi, kula buna siku hiyo hiyo jioni, kurudi Jumapili asubuhi, kwa sababu Jumatatu nina mteja mkubwa ambaye nimemngoja sana. Nikaandika vizuri, nikaweka rangi, nikaoanisha. Kisha nikafikiri, ngoja nimwachie Guyo nafasi. Nikamtumia ujumbe, nikamwambia safari iko kwenye kalenda, arekebishe anavyoona. Wakati huo huo mkono wangu ukarudi wenyewe ukaongeza kwenye maelezo: kubeba dawa ya presha. Tabia haifi siku moja.

Nilipooanisha tena, programu ikasimama.

Ikaniwekea pande zote mbili. Kwa mara ya kwanza nimesoma kwa makini Guyo anavyoandika. Anaandika kwa herufi ndogo tupu, bila nukta, kama anavyoongea. Amefuta Jumapili yangu. Ameandika buna ni Jumapili asubuhi maana Jumamosi Aayo atakuwa amechoka na barabara, tulale tena, turudi Jumatatu sote watatu, yeye pia anakuja, mbuzi atawaachia jirani. Chini yake akaongeza kitu ambacho hakihusu tarehe kabisa.

Jumatatu. Mteja wangu. Nimeangalia ule ukurasa muda mrefu, na sitadanganya hapa, kidole changu kilikwenda kwanza upande wangu.

Aayo ameamka. Amesikia nimenyamaza, akauliza kuna nini. Nikamwambia Guyo ameandika.

"Amesema nini?"

Nimebonyeza upande wa Guyo. Mteja nitampigia kesho, akiniacha ataniacha. Kisha nikamsomea Aayo mstari kwa mstari, nikimtafsiria, mpaka lile neno la mwisho: "mwambie aayo dada hakukataa."

Akasema, "Soma tena hapo."

Nikasoma tena.